Jumba la sinema la zamani katikati ya mji: tuanze na paa, dari, umeme au projekta?

#1 Kenchi_na_Bati

Wakuu, salaam.

Jumba la sinema likifungwa, mjadala huwa juu ya skrini, viti na jina lililoandikwa kwa taa nje. Kinachoua jengo kiko juu kabisa na hakionekani. Nafungua uzi huu tukusanye mambo ya kiufundi, ili mwenye jengo au kikundi kinachotaka kulifufua wajue wakague nini na kwa mpangilio upi. Msimamo wangu nautoa mapema: jengo la namna hii huokolewa au hupotezwa na mpangilio wa kazi. Ukizuia maji kwanza, unanunua muda wa kufikiria mengine yote. Ukianza na projekta, unaiweka chini ya dari itakayoanguka.

Ukumbi wa sinema hauna nguzo katikati. Paa linabebwa na kenchi za chuma zinazovuka upana wote wa ukumbi, na kila ncha ya kenchi imelala kwenye tundu ndani ya ukuta. Hapo ndipo kutu huanzia, kwa sababu mfereji wa maji uliofichwa nyuma ya ukuta wa juu hupita karibu na ncha hizo. Mfereji ukiziba kwa majani na kinyesi cha njiwa, maji hufurika kuelekea ndani. Ukiwa chini unaona doa la kahawia tu kwenye kona.

Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo hupasua ukuta. Zunguka jengo kwa nje. Ukikuta nyufa au matofali yaliyosukumwa nje kwa umbali unaolingana na nafasi za kenchi, umeshapata jibu bila kupanda juu. Baada ya hapo fungua ukuta sehemu moja, safisha chuma kwa brashi ya waya mpaka king'ae, pima unene wa ncha na unene wa katikati ya kenchi hiyohiyo, kisha mpe mhandisi vipimo vyote viwili. Kupaka rangi ya kuzuia kutu juu ya magamba ni kupoteza rangi.

Sasa hesabu ya maji. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 20 kwa 35 ni mita za mraba 700. Mvua kubwa ya milimita 50 kwa saa inaleta lita 35,000 kwa saa, karibu lita 10 kila sekunde. Kama mabomba ya kushushia yako manne na mawili yameziba, mawili yaliyobaki yanatakiwa kumeza lita 5 kwa sekunde kila moja. Hayataweza. Mengi yalijengwa ndani ya kuta, ya chuma cha kalibu, na yakipasuka huko hulowesha ukuta kimyakimya kwa miaka. Ni afadhali kuyaacha humo bila maji na kufunga mapya nje. Toboa pia matundu ya dharura kwenye ukuta wa juu, chini kidogo ya ukingo wa ndani wa mfereji, ili siku bomba likiziba maji yamwagike barabarani badala ya ukumbini. Hakuna kazi nyingine humu inayolipa haraka kama hiyo.

Turubai si paa la muda. Upepo huliharibu kabla ya msimu wa mvua kuisha. Piga bati juu ya mbao, acha pengo la hewa kwenye ncha zote mbili, na utaweza kusubiri miaka kadhaa.

#2 FundiPlasta

Nakazia hoja ya mleta uzi, na naongeza dari, maana hiyo ndiyo inayojeruhi watu.

Dari za mapambo za majumba mengi ya kabla ya miaka ya 1950 hazikupigwa lipu moja kwa moja kwenye zege. Ni vipande vyembamba vya jipsamu vilivyomiminwa kwenye kalibu, ndani vikiwa na kitambaa cha juti na fito za mbao. Vinaning'inia kwenye fremu kwa vifungo vya juti iliyochovywa jipsamu. Juti ni nyuzi za mmea. Ikilowa na kukauka mara kwa mara inaoza ndani, huku kifungo kikibaki na umbo lake la nje kana kwamba ni kizima. Tarehe 19 Desemba 2013 sehemu ya dari ya Apollo Theatre, London, iliwaangukia watazamaji onyesho likiendelea na kujeruhi zaidi ya watu 70. Vifungo vya juti vilikuwa vimechakaa. Na jengo lile lilikuwa linatumika! Lililofungwa huku paa likivuja liko katika hali mbaya zaidi.

Ukaguzi ni wa pande mbili. Juu ya dari, mbao za kutembelea zilale kwenye kenchi, kamwe zisilale kwenye dari yenyewe, na kila mtu avae mkanda wa kujifunga. Kipe kila kifungo namba na ukiangalie: kina doa la maji, kinatoa unga ukikibana, kimeachana na mgongo wa kipande? Chagua baadhi, hasa chini ya mifereji, uvivute kwa mizani ya ndoano. Kikikatika kwa mkono, usiendelee kuhesabu vizuri na vibaya. Chukulia eneo lote lile limekwisha.

Upande wa chini, ukiwa juu ya jukwaa, gonga kwa mpini wa mbao usikilize, na upige mstari wa leza kuona palipobonyea. Ufa ulionyooka wenye kingo mbili zilizo sawa mara nyingi ni maungio ya vipande. Ufa ambao ukingo mmoja umeshuka kuliko mwingine unakwambia vifungo vya upande huo vimeachia. Funga eneo la chini yake siku hiyohiyo.

Ukarabati haumaanishi kushusha kila kitu. Vifungo vya zamani viache, weka vipya kando yake: waya usioshika kutu pamoja na kitambaa cha nyuzi za kioo kilichochovywa jipsamu. Kosa linalorudiwa sana ni kubandika jipsamu mbichi kwenye mgongo mkavu wenye vumbi. Jipsamu ya zamani hunyonya maji ya mchanganyiko kabla haujashika, na kifungo kipya kinabanduka kama ganda. Fyonza vumbi, lowanisha, ndipo ubandike. Nyunyiza unga kwenye maji, usimwage maji kwenye unga, na changanya kiasi utakachomaliza ndani ya dakika 10 hivi.

Kabla ya fundi yeyote kugusa kitu, chukua kalibu ya silikoni ya kila pambo. Mapambo ya dari hizi hujirudia, hivyo ua moja lililo zima linatosha kumimina safu nzima. Vipande vilivyoanguka visitupwe kwenye kifusi. Viandikwe vilitoka wapi na vihifadhiwe mahali pakavu.

#3 Mdau_Kimya

Mkuu FundiPlasta, dari ikiwa imeshabonyea sentimita 3 au 4 sehemu moja, inapandishwa au inabomolewa?

#4 FundiPlasta

Panda juu kwanza uone kilichoishusha. Mara nyingi utakuta vumbi, vipande vya lipu na viota vimejaa mgongoni. Ukisukuma kutoka chini kabla ya kuviondoa, unapasua. Ukishasafisha, weka ubao mpana wenye sponji juu ya jeki za chuma uinue milimita chache tu kwa siku, kisha funga vifungo vipya ikiwa bado imeshikiliwa. Ila kama jipsamu imekuwa laini kama jibini na juti ni nyeusi, kata kipande hicho kwa unadhifu na umimine kingine. Jipsamu iliyooza hairudi.

#5 Usalama_Kwanza

Kabla hamjapanda wala kugonga popote, kuna mambo matatu.

Asbesto. Majumba ya katikati ya karne iliyopita yana asbesto sehemu ambazo watu hawazitarajii: kuta za ndani za chumba cha projekta, nyaya za taa za kaboni, pazia la kuzuia moto jukwaani, lipu ya kunyonya sauti, mabomba ya moto. Chukua sampuli ndogo iliyoloweshwa, ifungwe mifuko miwili, ipelekwe maabara kabla ya kutoboa chochote. Usifagie pakavu na usitumie mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi, kwa sababu nyuzi zake hupita kwenye kichujio na kurudi hewani. Ikithibitika ipo, kazi ni ya wenye leseni.

Kinyesi cha njiwa na popo. Kikikauka kinabeba vimelea vya fangasi vinavyoshambulia mapafu. Lowesha kwa maji yenye sabuni, koleo la plastiki, barakoa ya daraja la juu kabisa la kuchuja vumbi, mifuko iliyofungwa. Ziba matundu ya kuingilia ndege kabla ya kusafisha, siyo baada.

Mafuta ya transfoma na kapasita za zamani. Vifaa vilivyotengenezwa kabla ya miaka ya 1980 vinaweza kuwa na PCB, kemikali zenye sumu. Kikivuja, usiguse kwa mkono mtupu na usimwage popote. Na wale wanaotaka kuwasha rektifaya ya zamani (kifaa cha kugeuza umeme wa AC kuwa DC) ili waone kama inafanya kazi: ikiwa ni ya seleniamu na ikaungua, moshi wake ni sumu. Msiwashe.

#6 MkandaWa35

Nimefurahi uzi umefika kwenye chumba cha projekta, kwa sababu ndicho kinachokuwa cha kwanza kuporwa kwa ajili ya vyuma chakavu.

Chumba hicho kilijengwa kama sanduku la zege kwa sababu maalumu. Filamu za zamani za nitreti zikishika moto hazizimiki kwa kunyimwa hewa, maana zinajitengenezea oksijeni. Zinaendelea kuwaka hata chini ya maji. Ndiyo maana utakuta vifuniko vya chuma juu ya kila dirisha dogo la kuelekea ukumbini, vimening'inizwa kwa kamba au mnyororo wenye kiungo cha madini kinachoyeyuka kwa joto. Moto ukizuka, kiungo kinayeyuka, vifuniko vinaanguka, moshi haufiki kwa watazamaji. Visiondolewe hata kama hamtaonyesha nitreti kamwe. Ni sehemu ya historia ya jengo, na bado vinazuia moto.

Mkikuta makopo ya filamu yaliyoachwa, msiyafungue karibu na joto. Nitreti iliacha kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo kopo la kabla ya hapo lichukuliwe kuwa hatari mpaka ithibitike vinginevyo. Inavyooza, picha hufifia na kuwa kahawia, mkanda unanata, unatoa povu, unagandamana kuwa tofali, mwisho unakuwa unga. Ikifikia hatua za mwisho inaweza kujiwasha kwa joto la karibu nyuzi 40, na chumba chini ya bati hufika huko mchana. Sogezeni watu mbali na muite zimamoto na hifadhi ya filamu. Ikiwa kopo linanuka siki, hiyo ni asetati, aina nyingine ya mkanda: haina hatari ya moto wa namna ile, ila inakufa taratibu na harufu yake huharakisha kuoza kwa mikanda jirani. Itengeni, iwekwe pakavu na penye baridi.

Projekta zenyewe za milimita 35 ni imara kuliko watu wanavyodhani. Kinachoziua ni haraka ya kuziwasha. Grisi ya miaka mingi imekuwa gundi, na sanduku la msalaba wa kimalta, ule unaovuta mkanda picha moja baada ya nyingine, linahitaji mafuta yake. Utaratibu ni huu: mwaga mafuta ya zamani, safisha kwa mafuta mepesi, jaza mapya ya uzito uliotajwa na mtengenezaji, zungusha kwa mkono mizunguko mingi ukisikiliza, ndipo mota iunganishwe. Pakikwama popote, rudi nyuma. Jino moja la gia ya nyuzi likivunjika, kupata jingine ni kazi ya miezi.

Kama mna mashine mbili, mna mfumo kamili wa kubadilishana. Mkanda unakwenda picha 24 kwa sekunde, mita 27.4 kwa dakika. Reli (gurudumu moja la mkanda) ya mita 610 inadumu dakika 22 hivi. Filamu ya dakika 110 ni reli 5. Alama ya kwanza kwenye kona ya juu kulia inatokea kama sekunde 8 kabla reli kuisha, unaanzisha mota ya mashine ya pili. Alama ya pili inatokea sekunde 1 kabla, unabadilisha. Msiuze mashine moja mkidhani ni ya akiba!

Taa za zenoni: hata ikiwa baridi, balbu ina shinikizo kubwa ndani, na ikiwaka linaongezeka mara kadhaa. Ngao ya uso, glovu za ngozi na koti zito kila inaposhikwa, na isitolewe kwenye kasha lake mpaka dakika ya kuifunga. Alama ya kidole kwenye kioo inatosha kuidhoofisha.

#7 Pikseli

Mkuu MkandaWa35, heshima kwa mashine hizo, lakini ukumbi usio na projekta ya kidijitali haupati filamu nyingi mpya. Wanaojadili kununua wapige hesabu ya mwanga kwanza, wasinunue kwa jina.

Kiwango cha mng'ao wa picha ya sinema ni kandela 48 kwa mita ya mraba katikati ya skrini. Zidisha eneo la skrini kwa 48, kisha kwa 3.14, gawa kwa kiwango cha skrini kurudisha mwanga. Skrini ya upana wa mita 10 kwa picha pana ya 2.39 (upana ni mara 2.39 ya kimo) ina kimo cha mita 4.18, eneo mita za mraba 41.8. Ikiwa ni nyeupe ya kawaida yenye kiwango 1, inahitaji lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 6,300 zinazofika kwenye kitambaa. Lakini picha pana hutumia mistari 858 tu kati ya 1,080 ya projekta ya 2K, yaani asilimia 79 ya mwanga. Tayari ni karibu 7,930. Ongeza upotevu wa kioo cha dirisha na kuchakaa kwa taa, tuseme robo nzima, na unafika lumeni 10,600. Anayeuza ya lumeni 6,500 kwa skrini hiyo anawauzia picha yenye giza.

Tatizo jingine ni pembe. Chumba cha projekta kiko juu nyuma ya roshani, hivyo mwanga unashuka kwa mteremko mkali na picha inapanuka chini. Zamani walichonga kibati cha dirisha la picha ili kingo zionekane zimenyooka. Kwenye dijitali tumia lenzi inayosogea wima, na skrini iegemezwe nyuma kidogo. Msirekebishe kwa programu, mtapoteza ukali wa picha.

#8 MkandaWa35

Hapo hatugombani. Ninachoomba ni projekta mpya ikae kando ya zile mbili, isikae mahali pake. Vyumba vingi vya zamani vilikuwa na dirisha la ziada la taa ya jukwaani au slaidi, litumieni hilo.

#9 Mwangwi

Skrini mtakayoikuta karibu kila mara siyo ya asili. Kabla ya 1953 picha ilikuwa 1.37 kwa 1, karibu mraba, na jukwaa lilijengwa kwa kipimo hicho. CinemaScope, mfumo wa picha pana, ilipokuja mwaka huo, kumbi nyingi ziliweka fremu pana mbele ya jukwaa na kukata nguzo za mapambo zilizozuia. Chungulieni nyuma ya fremu hiyo kabla ya kuchora ramani. Mara nyingi upinde wa asili bado upo.

Skrini iwe na vitundu ili spika zikae nyuma yake, koni za sauti ya juu zikiwa kwenye theluthi mbili za kimo. Acheni nafasi ya mtu kupita nyuma kwa ajili ya matengenezo.

Sasa mwangwi. Fomula ni T = 0.161 × V ÷ A: T ni sekunde ambazo sauti inadumu, V ni ujazo wa ukumbi, A ni eneo la unyonyaji wa sauti. Ukumbi wa mita 18 kwa 30 kwa kimo cha 10 una mita za ujazo 5,400. Ukitaka sauti idumu sekunde 1, unahitaji mita za mraba 870 za unyonyaji kamili. Viti 600 vyenye sponji vikiwa vitupu vinaweza kutoa kama 270. Mita 600 zilizobaki zinatoka wapi? Zamani zilitoka kwenye lipu yenye vinyweleo ukutani na darini. Halafu kila mwenye jengo akaipaka rangi ya mafuta, vinyweleo vikaziba, na ukumbi uliosifiwa kwa sauti nzuri ukawa pipa. Rangi hiyo haitoki bila kuharibu lipu, na lipu yenyewe huenda ina asbesto. Kwa hiyo unyonyaji mpya unawekwa juu ya ukuta.

Anzeni na ukuta wa nyuma. Sauti inayotoka jukwaani, ikagonga nyuma na kurudi, katika ukumbi wa mita 30 inasafiri mita 60 na kuchelewa milisekunde 175. Hiyo inasikika kama neno la pili kabisa. Ubaya ni kwamba kuta nyingi za nyuma zimepinda, na mpindo unaikusanya sauti na kuirusha safu za mbele. Pamba ya madini unene wa sentimita 10, pengo la hewa la sentimita 10 nyuma yake, kitambaa kisichoshika moto mbele. Zulia peke yake halitawasaidia. Linanyonya sauti nyembamba na kuacha nzito inanguruma.

Kama ukumbi utatumika pia kwa muziki wa jukwaani, msiufishe kabisa. Wekeni mapazia mazito ya kuvuta pembeni: yakifunguliwa mna ukumbi wa muziki, yakifungwa mna sinema.

#10 Jengo_Jipya

Naheshimu michango yote, lakini nani atajaza viti 1,200 kila wiki? Njia ya busara ni kugawa: roshani iwe ukumbi mmoja, chini kuwe na kumbi mbili. Au likubalike kwamba sinema imekwisha na jengo lipewe kazi nyingine.

#11 Kenchi_na_Bati

Swali la haki hilo. Ila tofautisha kazi nyingine na uharibifu usiorudi. Michigan Theatre ya Detroit ilifunguliwa 1926, na mwaka 1977 ukumbi wake ukageuzwa maegesho ya magari. Leo magari yanaegeshwa chini ya mabaki ya dari ya mapambo. Hakuna atakayerudisha pale. Grand Splendid ya Buenos Aires ilianza kama ukumbi wa maonyesho 1919, ikawa sinema, na tangu mwaka 2000 ni duka la vitabu. Roshani, jukwaa na dari iliyochorwa vipo vyote. Kesho wakitaka sinema, wataondoa rafu. Kings Theatre ya Brooklyn ilifungwa 1977, ikakaa karibu miaka 38 ikivujiwa, ikafunguliwa tena 2015 kwa gharama ya takriban dola milioni 95. Sehemu ya gharama hiyo ni bei ya mfereji ulioachwa.

Kugawa roshani kunawezekana, lakini ukuta mpya usibebwe na ukingo wa roshani. Roshani imeshikwa kwa boriti zinazochomoza kutoka nyuma, na mbele yake haikupangiwa uzito wa ukuta wa matofali. Ukuta mwepesi wa fremu mbili zisizogusana, umefungwa kwa skrubu, haukukata pambo hata moja: huo naukubali.

#12 Viti_na_Milango

Ile idadi ya 1,200 haipo tena hata mkitaka. Safu za zamani zilipangwa sentimita 80 kutoka mgongo hadi mgongo. Mtazamaji wa leo anataka 105 hivi. Kwenye mita 24 za mteremko, safu 30 zinakuwa 22. Upana wa kiti nao umeongezeka. Mkitoa nafasi za viti vya magurudumu na njia pana, mnabaki na nusu au zaidi kidogo, na hilo ni jema: msongamano wa kutoka unapungua.

Angalieni pia walioketi safu za mwisho chini ya roshani. Chora mstari kutoka kimo cha jicho, mita 1.2 juu ya sakafu, hadi ukingo wa juu wa skrini mpya. Ukikatwa na tumbo la roshani, safu hizo zinauza tiketi za malalamiko. Ziondolewe, au skrini ishushwe.

Milango: ifunguke kuelekea nje, kwa kusukuma tu, bila ufunguo wala komeo. Iroquois Theatre ya Chicago ilipoungua Desemba 1903 walikufa watu 602, na miongoni mwa sababu ni milango iliyofungwa na makomeo ambayo watu hawakujua kuyafungua. Ukumbi mzuri wenye mlango wa dharura uliofungwa mnyororo usiuzwe tiketi hata moja.

#13 Taa_za_Nje

Umeme wa ndani usijaribiwe, utolewe. Nyaya za mpira na kitambaa hupasuka ukizikunja, na kifaa cha volti 500 cha kupima ganda la kinga la nyaya kitakuonyesha hivyo. Mabomba ya chuma yanaweza kubaki ikiwa hayana kutu ndani, na mkivuta nyaya mpya humo mnaokoa lipu ya mapambo.

Taa za neoni za jina nje ni kinyume chake. Mirija ya kioo mara nyingi ni mizima. Vilivyokufa ni transfoma, nyaya za volti kubwa na vishikio vya kauri. Transfoma hizo zinaweza kutoa hadi volti 15,000, kwa hiyo ni kazi ya fundi wa neoni. Kabla ya kushusha herufi, pigeni picha, andikeni rangi ya kila mrija na upande wa kila ncha. Nyekundu ya chungwa ni neoni, buluu ni agoni yenye zebaki. Mrija wa zebaki ukivunjika, toeni watu na hewa iingie.

Kibaraza kinachochomoza juu ya njia ya watembea kwa miguu ni hatari ya pili baada ya dari. Nondo zake kuu ziko upande wa juu wa zege, palepale maji yanapotuama. Ukiona vipande vimeanguka kwa chini, usidhani ndipo tatizo lilipo. Wekeni jeki za chuma chini yake leo, mwondoe tabaka la juu, mnyunyizie finofthalini (kemikali ya kupimia) kwenye zege lililovunjwa muda huohuo: likigeuka rangi ya waridi bado linalinda nondo, likibaki bila rangi ulinzi umekwisha.

#14 Hati_na_Mikataba

Neno fupi. Someni hati ya jengo kabla ya kuchangisha. Kampuni za sinema zilipouza majumba yao, wakati mwingine ziliweka sharti kwamba jengo lisitumike tena kama sinema, ili lisishindane na kumbi zao nyingine. Sharti kama hilo linaweza kuondolewa kwa mazungumzo, lakini mkiligundua baada ya kufunga skrini mmechelewa. Ulizeni pia kama jengo limeorodheshwa kama urithi, sehemu gani hasa: sura ya mbele tu, au ukumbi pia.

#15 Mdau_Kimya

Kama pesa ya ukumbi haipo kwa sasa, lipi la kufanya jengo lisife?

#16 Kenchi_na_Bati

Paa la bati la muda na mifereji. Jeki chini ya kibaraza. Wavu imara chini ya dari, umefungwa kwenye kuta au kenchi, usifungwe kwenye dari. Umeme wa zamani ukatwe kwenye nguzo, uletwe wa muda kwa taa na pampu tu. Madirisha yasizibwe kabisa: weka vizuizi vyenye matundu chini upande mmoja na juu upande wa pili, ili hewa ipite. Ukumbi uliofungwa bila hewa huota ukungu hata kama hauvuji.

Halafu fungueni lobi. Ina dari yake fupi, mlango wake barabarani, na mara nyingi sakafu ya terazo inayohitaji kusafishwa tu. Jengeni ukuta wa kuzuia moto kati yake na ukumbi, weka njia mbili za kutokea, onyesheni filamu kwa watu 40 au 50. Kodi ya lobi ilipe mtu wa kupanda juu kila mwezi na kabla ya kila msimu wa mvua, akiwa na ndoo, koleo na kamera. Apige picha zilezile kutoka sehemu zilezile. Doa likikua kati ya picha mbili, mfereji umeziba.

#17 FundiPlasta

Na kwenye wavu, matundu yasizidi sentimita 2, na chini yake asipite mtu. Wavu unapunguza kasi ya vipande vidogo. Kipande kizima cha dari kitaupasua.